Kiwanja tumekisafisha wenyewe, sasa ni cha nani?

Mwenye mada:
Wakaazi wenzangu, naomba tuongee hii maneno bila matusi. Hapa kwetu Eastlands, Nairobi, kuna kiwanja katikati ya mtaa ambacho tangu nikiwa darasa la nne kilikuwa jaa, mifupa ya buchari, maji ya mtaro yamesimama, na usiku hupiti hapo ukiwa peke yako. Mwaka juzi tukaanza watu saba na jembe tatu na wilbaro ya kuazima, tukatoa taka Jumamosi baada ya Jumamosi, lori tukalipia kwa mchango wa mia mia, tukazibua mtaro, tukapanda miti na nyasi, fundi wa kuchomelea akatutengenezea bembea bila kuitisha hata shilingi. Leo jioni ukipita unakuta watoto wamejaa na wazee wanacheza drafti, na mimi naona fahari kusema nilishika jembe pale.

Sasa, mwezi uliopita wamekuja watu na mpima ardhi, wakazunguka, wakaweka bikoni, zile alama za mpaka wa ploti, kwenye kona mbili wakaenda. Hawakusema wametumwa na nani. Miaka yote ikiwa jaa hakuna mtu alikitaka! Yaani ile takataka ndiyo ilikuwa askari wetu, tumeitoa tukabaki na uwanja mzuri ambao mtu akipita anaona flati ya ghorofa saba. Hiyo ndiyo inaninyima usingizi. Je, tuendelee kutengeneza viwanja vya umma ama tungojee kaunti? Msimamo wangu ni tuendelee, lakini karatasi kwanza, jembe baadaye. Sisi tulianza na jembe.

Jirani wa ploti ya juu:
Mimi napinga kabisa. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imesema bustani na sehemu za burudani ni kazi ya kaunti. Wenye nyumba wanalipa land reti, mwenye duka analipa leseni, mwenye gari analipa parking, halafu Jumamosi tena tushike reki? Kila mkijitolea mnawapa nafasi ya kulala. Mwaka ujao mtazibua mtaro wa barabara, mwaka mwingine mtanunua taa za mtaa.

Mama wa mboga:
Na mimi niseme yangu. Nimeuza sukuma kwa hiyo kona miaka 11. Hao wa kujitolea walipomaliza kupanda maua wakaniambia kibanda kinaharibu sura, nisonge. Nani aliwachagua? Kanjo, yule askari wa kaunti, akinisumbua najua ofisi yake iko wapi, lakini jirani mwenye ufunguo wa geti nitamshtaki wapi? Na hiyo geti inafungwa saa kumi na mbili, wale watoto wanatoka shule ya mbali wanapata imefungwa.

Mwenye mada:
Mama, hapo tulikukosea na nasema hadharani, pole. Tulikaa watu saba tukaamua mambo ya mtaa mzima, hata baraza hatukuita. Kiwanja cha umma kikishakuwa na ufunguo mfukoni mwa mtu mmoja hicho ni chake, hata kama hana hati.

Jirani, kazi ni ya kaunti, hapo hatubishani. Lakini angalia Michuki Park, ile bustani pale tauni karibu na raundabauti ya Globe. John Michuki akiwa waziri wa mazingira alisimamia 2008 pakasafishwa, pakapendeza. Alifariki 2012, na pale pakarudi uchafu mpaka pakaanza kutengenezwa upya 2020. Kazi ilisimama kwa nguvu za waziri mmoja na wakaazi hawakuwa na mkono wao pale, kwa hivyo akiondoka inaondoka naye. Sasa linganisha na msitu wa Karura hapa Nairobi. 1999 Wangari Maathai na wenzake walipigwa pale wakijaribu kupanda miti kwa ardhi iliyokuwa imegawiwa watu binafsi. Baadaye sheria ya misitu ya 2005 ikafungua mlango, wananchi wakaunda chama, wakaweka sahihi na Shirika la Misitu, ua ukajengwa, na msitu uliokuwa unaogopwa leo watu wanakimbia mbio na kuendesha baiskeli ndani.

Jirani wa ploti ya juu:
Karura imepakana na Muthaiga na Runda bwana! Wana mawakili na wana pesa. Na hata hao 2025 si walivutana na Shirika la Misitu, lilipoagiza pesa ya kiingilio ipitie eCitizen, ule mtandao wa malipo wa serikali?

Mwenye mada:
Kweli, lakini walikuwa na mkataba wa kushika mkononi na kuuliza, sisi tuna nini? Na si lazima uwe tajiri, enda Korogocho uone venye vijana waligeuza jaa kando ya Mto Nairobi kuwa bustani. Shida yetu si umaskini, ni kwamba mnyakuzi anajua mlango wa ofisi ya ardhi na sisi tunajua mlango wa duka la jembe. Ripoti ya Ndung'u ya 2004 ilieleza venye ardhi ya umma iligawanywa, viwanja vya kuchezea vikiwemo. Januari 2015 watoto wa shule ya msingi ya Lang'ata Road walirushiwa vitoa machozi wakiangusha ukuta uliozunguka uwanja wao. Uwanja ulikuwa unatumika kila siku na bado ulizungushiwa ukuta!

Kwa hivyo Jumatatu naenda kufanya sachi, yaani kuangalia kwa rekodi ardhi ni ya nani, na kuitisha ramani ya mtaa kwa ofisi ya ardhi, halafu tuandikie Tume ya Taifa ya Ardhi barua na picha za bikoni. Na kaunti tuwaombe makubaliano ya maandishi: ardhi ni ya umma, sisi tunatunza tu, taka na taa ni zao. Hapo jirani, hawalali, wameweka sahihi. Mwenye ameshapitia hizo ofisi aniambie nianzie dirisha gani.

Mama wa mboga:
Hiyo barua mimi nitaweka sahihi, na wenzangu wa kibanda nitawaleta. Lakini geti ing'olewe kwanza.

Mwenye mada:
Fundi ni yule yule wa bembea. Nitamuona kesho.