Naomba ushauri: mawe yenye umbo la konokono kutoka Pongwe, niuze au nitunze?

Mwana wa Makorora (mleta uzi):
Wakuu, habari za jioni. Najenga kibanda changu huku Kange, mwezi jana nikashusha lori la mawe ya msingi kutoka Pongwe. Fundi kapasua moja, ndani kuna kitu kimejiviringa kama mkia wa kinyonga. Tangu siku hiyo kazi yangu ni kugeuza mawe, fundi ananuna. Nimepata matatu. Kijana mmoja wa Dar kaona picha, anasema ni amonaiti, anatoa elfu sabini kwa yote. Mama watoto anasema chukua tununue saruji. Moja nimeshaanza kulisafisha kwa siki na brashi ya waya. Niuze?

Kokoto Hazidanganyi:
Weka siki chini kwanza! Jiwe la Pongwe ni chokaa, na siki inakula chokaa. Maji na mswaki laini, basi.

Bi Raskazone:
Kaka, pole na ujenzi. Nilisoma jiolojia, nikaishia kufundisha jiografia. Amonaiti si konokono, ni jamaa wa pweza na ngisi aliyeishi baharini ndani ya gamba. Chokaa hiyo, ndugu ya ile ya mapango ya Amboni, ni tope la bahari ya enzi za Jurasiki, kati ya miaka milioni 201 na 145 iliyopita. Gamba lake hujikunja bapa, kama kamba ya jahazi iliyozungushwa sitahani. La konokono wengi huchongoka. Ndani lina vyumba, na kila ukuta wa chumba unapogusa gamba huacha mstari uliopindapinda kama ukingo wa jani. Kwa mstari huo wataalamu hutambua aina, na kwa aina hukadiria umri wa mwamba. Ila jiwe lisilojulikana limetoka wapi ni pambo la kabatini tu. Andika leo hii: machimbo gani, tarehe gani, na kila jiwe lipe namba.

Dalali Mstaafu:
Bei ya amonaiti haina mwenyewe. Sokoni zimejaa za Madagascar, zimepasuliwa katikati zikang'arishwa, na za Morocco ambazo nyingine ni kazi ya patasi. Yako haijang'arishwa, mwenye kuijua ataitaka hivyo hivyo.

Mjukuu wa Lindi:
Hela baadaye. Ipo Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, kaulize ofisi ya Mambo ya Kale kabla kitu hakijapanda basi. Sisi kwetu Tendaguru Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kuanzia 1909 hadi 1913, wakapakia zaidi ya tani 200. Mjusi mwenyewe kasimama Berlin, sisi tunamtazama kwenye simu.

Mwana wa Makorora:
Asanteni sana. Nimeyatazama tena kwa tochi. Moja lina vyumba na ule mstari wa jani, safi kabisa. La pili limechongoka, konokono huyo, na ndilo kijana wa Dar alilolisifia kuliko yote. La tatu ndilo la siki, limekuwa laini kama kipande cha sabuni, sioni mstari wowote. Nimempigia dereva wa lori kumuuliza alipakia machimbo gani. Anasema siku ile alizunguka matatu.