Msaada: kikombe kimoja cha kabichi ni gramu ngapi?

Mpishi wa Tabata: Wakuu, habari za jioni. Naomba kuelekezwa: kikombe cha kabichi iliyokatwa na kikombe cha karoti zilizokwaruzwa ni gramu ngapi? Resipe yangu ya kachumbari ni ya Kimarekani, kila kitu vikombe, na sokoni napimiwa kwa kilo. Nijibuni haraka, presha inapanda.

Bin Kipimo: Kikombe gani? Cha kwao ni mililita 240. Chako cha chai usikitegemee.

Sado Imejaa: Mimi kilo siziamini, nyanya nanunua kwa sado. Ila kuna mama mmoja sado yake ilibonyezwa kitako kwa ndani. Anapanga nyanya kubwa juu hadi inakuwa kichuguu, ukifika nyumbani ukizimwaga kwenye beseni huoni kitu. Nilihama genge.

Mzee wa Busara: Ndiyo maana Wakala wa Vipimo wanapiga vita lumbesa, yale magunia ya kujazwa kupita kipimo. Lakini Watanzania tunapenda kuibiwa. Nunua kwenye mizani yenye stika yao, basi.

Mpishi wa Tabata: Asanteni, ila swali langu liko palepale.

Shangazi Jikoni: Dada, unapikia watu wangapi? Kikombe kimoja hakimpandishi mtu presha.

Mpishi wa Tabata: Ni shughuli ya kawaida tu, Jumamosi.

Shangazi Jikoni: Wangapi?

Mpishi wa Tabata: 300. Resipe ni ya watu 10, vikombe 6 vya kabichi na 2 vya karoti. Nimezidisha mara 30. Kikombe nimekihesabu robo kilo, kwa hiyo kabichi kilo 45, karoti kilo 15. Advansi ya mteja nimeshampa muuzaji, mzigo unakuja Ijumaa.

Shangazi Jikoni: Robo kilo ni maji hayo! Kabichi ikikatwa nyembamba imejaa hewa, kikombe weka gramu 80. Vikombe 180 ni kilo 14 na kidogo. Karoti zilizokwaruzwa kama gramu 110, vikombe 60 ni kilo 6 na nusu. Ongeza cha kutupa, maganda na kile kisiki cha kabichi: nunua kabichi kilo 18, karoti 8. Zinatosha.

Mpishi wa Tabata: Bora vibaki kuliko aibu. Halafu muuzaji kanipa bei ya jumla. Na kabichi ikishatiwa chumvi na mayonezi si inanywea?

Shangazi Jikoni: Inanywea ndani ya beseni, kwenye mizani hainywei. Maji yaliyotoka si yamo humohumo?

Kijana wa Mbagala: Wakuu, hii chai, stori ya kutunga. Mwezi jana huyuhuyu aliomba ushauri wa gia za bodaboda, akasema ni baba wa watoto wawili. Leo amekuwa dada mpishi?

Mpishi wa Tabata: Dada mmeniita nyinyi. Mwanaume hapiki? Na hiyo bodaboda ndiyo itabeba mzigo.

Mtoto wa Pwani: Kilo 60 za mboga juu ya bodaboda! Tunaomba picha, vinginevyo mods wafunge uzi.

Sado Imejaa: Msimseme. Pilau la shughuli huku kwetu wanapika wanaume, tena wanakoroga kwa koleo.

Kijana wa Mbagala: Pilau sawa. Mayonezi?

Bin Kipimo: Chai au si chai, mkuu, kata kabichi moja leo usiku. Jaza kikombe bila kushindilia, pima, toa uzito wa kikombe chenyewe. Ukishindilia unapata namba nyingine kabisa.

Mpishi wa Tabata: Mizani yangu betri imekwisha. Na muuzaji nimempigia sasa hivi, kasema advansi hairudi, nichukue mzigo wote.

Mtoto wa Pwani: Betri nayo imekwisha leo leo 😂

Mfugaji Kinyerezi: Mkuu, nina ng'ombe wawili. Zikibaki njoo PM, na mimi unifanyie bei ya jumla.