Ukoo wa Kibosho: mkono wa Godi

Shangazi Ndeshi, 06:41
Wapendwa, Godi kavunjika mkono jana jioni. Daktari wa mifupa hospitali ya KCMC anamwona leo saa 4. Apasuliwe, awekwe vyuma, tumalize. Kila nyumba 50,000 kwangu kabla ya saa 3.

Shangazi Ndeshi, 06:58
Naona tiki za bluu. Mnasoma mnanyamaza.

Neema, 07:05
Shikamoo shangazi. Nani kasema anapasuliwa? Picha ya X-ray alinitumia usiku. Ni mfupa wa kiganja, ule wa chini ya kidole kidogo. Mingi ya hiyo haihitaji kisu. Ukinyooka vizuri unafungwa hogo, ile plasta ngumu, wiki 3 au 4, basi.

Elia, 07:07
Chini ya kidole kidogo? Si ndiko kunakovunjika mtu akipiga ngumi ukuta 😂

Godi, 07:09
Nilianguka na ngazi nachuma parachichi

Elia, 07:09
Mkono wa kushoto, na wewe ni wa mashoto. Hilo parachichi lilikutukana?

Manka, 07:10
😂😂😂 baba Brian mwacheni

Neema, 07:11
Godi, pete umevua? Mkono ukizidi kuvimba itabidi ikatwe.

Elia, 07:11
Akivua nyumbani ataulizwa

Shangazi Ndeshi, 07:12
ELIA. Tuko kwenye mchango hapa.

Neema, 07:15
Kunja vidole taratibu, tuma picha. Kidole kidogo kikilalia jirani yake, mfupa umejisokota, hapo vyuma vinaweza kuhitajika. Au umetoboa ngozi, au umevunjikia kwenye kiungo. Na ukilala uweke mkono juu ya mto.

Godi, 07:21
[picha]
Havikunjiki. Kimeumuka kama andazi

Manka, 07:30
Shangazi, kabla ya hiyo 50,000, mchango wa bati la jiko la bibi ulisomewa hesabu lini?

Shangazi Ndeshi, 07:31
Manka usianze. Risiti ninazo.

Manka, 07:32
Mwaka wa pili huu unaisha. Bibi bado anakinga ndoo mvua ikinyesha.

Shangazi Ndeshi, 07:34
_Ujumbe huu umefutwa_

Elia, 07:34
Nimeuwahi 🙈

Baba Mkubwa, 08:20
Nimesoma yote. Mwaka 1986 mkono wangu ulikaa kwenye hogo wiki nane. Vidole sikuvichezesha, niliogopa. Vikakakamaa. Mnaniona ninavyoshika kata ya mbege kwa mikono miwili. Hakuna wa kutamka kupasua tena humu. Godi amuulize daktari vidole aanze kuvikunja lini. Ndeshi, hesabu ya bati uje nayo Jumapili.

Neema, 09:02
Asante Baba Mkubwa. Hilo la vidole ndilo watu wanalisahau.

Shangazi Ndeshi, 09:40
Sawa Baba Mkubwa. Basi 20,000, ya hogo na nauli. Baada ya wiki atapigwa picha tena kuona kama mfupa haujahama. Kadi ya bima iko kwa nani?

Shangazi Ndeshi, 09:55
Nimeuliza kadi iko kwa nani.

Manka, 10:03
Mimi nitatuma kwa Godi mwenyewe.

Kaka Aloyce, 11:48
Poleni jamani, ndiyo nafungua simu. Nani kaumia?

Godi, 11:52
Nipo kwenye benchi. Neema, pete imegoma, hata kwa sabuni

Neema, 11:53
Usiivute. Mwambie nesi sasa hivi, kabla hujafungwa chochote.

Elia, 11:54
Na mama Brian yupo hapo?

Godi, 11:54
Yupo. Anasoma kikundi