Gemu ya watu 12 nyumbani Shangani, Mtwara: netiweki niipange vipi?

Mwana_Shangani

Wakuu, mko salama? Naandaa usiku wa gemu nyumbani, hapa Shangani, Jumamosi jioni mpaka alfajiri. Tutakuwa watu 12. Saba wanakuja na kompyuta za mezani, hao watakaa sebuleni. Watano wana laptopu, nawaweka barazani, na dirisha la sebule linafungukia hukohuko. Gemu ni Counter-Strike 1.6, Call of Duty 4 na Minecraft ya Java. Kompyuta moja ya zamani nimeitenga iwe seva.

Nilicho nacho ni ruta ya laini ya 4G yenye matundu manne ya waya, na swichi (kisanduku cha kuunganishia nyaya za netiweki) ya matundu 8 iliyoandikwa 10/100, yaani megabiti 10 au 100 kwa sekunde. Sebule ina soketi tatu. Je, swichi hiyo inatosha? Waya ninunue mita ngapi? Bando la GB 20 litatuvusha? Na umeme wa nyumba utahimili?

FundiKebo_Ligula

Salama mkuu. Nianze na bando, kwa sababu ndilo linalowatisha wengi bure. Gemu zote tatu ulizotaja zina seva ya kuendesha mwenyewe, na seva yako iko sebuleni. Data inatoka kwenye kompyuta ya mchezaji, inapita kwenye swichi, inafika kwa seva na kurudi, bila kugusa laini yako ya simu. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika na intaneti ikasuasua nchi nzima, netiweki ya namna hii isingetikisika hata kidogo. Bando litakalokwisha usiku huo litakuwa limeliwa na masasisho ya Windows na simu za wageni. Kwa hiyo nywila ya waifai usiitoe, na ukiweza zima data ya ruta kabisa. Kazi ya kugawa anwani za IP (namba ya kila kompyuta kwenye netiweki) itaendelea kama kawaida.

Sasa swichi. Hesabu matundu kabla ya kuhesabu watu. Sebuleni una kompyuta saba, seva, ruta, na waya mmoja wa kwenda barazani: hayo ni matundu 10. Barazani una laptopu tano na mwisho wa ule waya: matundu 6. Kwa hiyo nunua swichi ya matundu 16 ya gigabiti (megabiti 1,000 kwa sekunde) ikae sebuleni, na hiyo yako ya 8 iende barazani. Ukikosa ya 16 madukani mjini, agiza Kariakoo ipakiwe kwenye basi la Mtwara, ila fanya hivyo mapema, maana ikifika mbovu Ijumaa huna pa kwenda.

10/100 kwa kucheza inatosha sana. Mchezaji wa Counter-Strike hafikishi hata megabiti moja kwa sekunde. Inakushinda kwenye kunakili mafaili. Call of Duty 4 ni kama GB 8. Swichi ya 10/100 inapitisha kama megabaiti 11 kwa sekunde, hivyo laptopu moja ni dakika 12, na tano zikinakili pamoja kutoka kwenye seva kupitia ule waya mmoja ni saa nzima. Wenye laptopu wachomeke kwanza kwenye swichi ya sebuleni, wanakili, ndipo wahamie barazani.

Waya: mezani saba kwa mita 5 ni 35, laptopu tano kwa mita 3 ni 15, wa kuunganisha swichi mbili mita 15, seva na ruta mita 2 kila mmoja. Jumla 69, nunua 80. Vichwa vya RJ45, vile vya plastiki vya kubana kwenye ncha za waya, vinahitajika 30. Chukua 40, kuna vitakavyoharibika kwenye koleo.

Chukua waya wa aina ya Cat5e, wa shaba tupu. Kuna waya wa alumini uliopakwa shaba juu, bei yake inavutia na nje unafanana kabisa. Kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukiona ndani ni mweupe wa fedha, uache dukani. Unakatika ukikunjwa mara chache, hasa pale shingoni mwa kichwa.

Mpangilio wa rangi, pande zote mbili sawa, kulabu ikiwa chini na ncha zikitazama mbele, toka kushoto: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Hapo kati, kwenye kijani na bluu, kuwa makini. Wengi huweka kijani zote mbili pamoja kwa sababu zinapendeza hivyo. Ukifanya hivyo pande zote mbili, testa (kifaa cha kupimia waya) itawasha taa zote nane na utaamini waya ni mzima. Lakini tundu la 3 na la 6 hufanya kazi kama jozi moja, na wewe umewapa nyuzi za jozi mbili tofauti ambazo hazikusokotwa pamoja. Mawimbi yanavujiana, waya unakataa gigabiti, na kwenye waya mrefu gemu inastaki bila sababu inayoonekana. Usifumue msokoto zaidi ya milimita 13, na ganda la nje liingie ndani ya kichwa mpaka libanwe na kile kidole cha plastiki.

Ukimaliza kubana, chomeka kila waya kwenye kompyuta na usome kasi ya muunganisho kwenye Windows. Ikiandika 100 Mbps kwenye swichi ya gigabiti, kuna uzi haujagusa. Kata kichwa, rudia.

Jambo la mwisho kwenye nyaya: weka alama ya namba kwenye ncha zote mbili. Mtu akichomeka ncha mbili za waya mmoja kwenye swichi hiyohiyo, au nyaya mbili kati ya swichi na swichi, data inazunguka bila mwisho. Taa zote zitapepesa kwa pamoja kama wazimu na wote 12 watakatika. Swichi hizi za kawaida hazina akili ya kuzuia hilo. Namba zitakusaidia kumpata mkosaji ndani ya dakika moja.

Umeme_Lindi

Hapo juu kaka amemaliza mambo ya nyaya za data. Mimi nazungumzia umeme, tena nakuomba usiuchukulie juujuu, kwa sababu nyumba huungua kwa vitu hivi.

Kompyuta ya mezani ya gemu na skrini yake weka wati 300: saba ni 2,100. Laptopu tano kwa wati 100 ni 500. Seva bila skrini, 150. Jumla wati 2,750, ambazo kwa volti 230 ni ampea 12. Plagi yetu ya pini tatu ina fyuzi ya ampea 13. Maana yake ukining'iniza mzigo wote kwenye ekstensheni moja umefika ukingoni, na ekstensheni nyingi za bei rahisi zina waya mwembamba usiofaa hata kwa ampea 10 kwa usiku mzima.

Igawe hivi: soketi ya kwanza kompyuta tatu, ya pili kompyuta nne, ya tatu UPS (betri ya akiba umeme ukikatika). Laptopu za barazani zivute umeme kutoka soketi ya chumba kingine, na kama kuna breka tofauti ya vyumbani, vizuri zaidi. Usichomeke ekstensheni ndani ya ekstensheni. Ile ya kuzungusha kwenye gurudumu ifumue yote hata kama unahitaji mita tatu tu. Ikibaki imejikunja joto halina pa kutokea na plastiki inayeyuka. Baada ya saa moja ya mchezo pitia kila plagi kwa kiganja: vuguvugu ni sawa, ikikuunguza ipunguzie mzigo palepale. Birika la umeme na pasi visiguswe usiku huo, maana birika moja tu ni wati 2,000 hivi.

Luku: wati 2,750 kwa saa 8 ni uniti 22, na feni na friji juu yake. Weka uniti 30 kabla ya Jumamosi.

UPS ya VA 650 inatosha kubeba seva, ruta na swichi zote mbili. Adapta ya swichi ya barazani usiisahau. Ivutie waya mpaka kwenye UPS. Umeme ukikatika, wenye laptopu wataendelea na mechi kwa betri, na Minecraft itapata muda wa kuhifadhi ramani kabla seva haijazimwa. Wenye kompyuta za mezani wazime swichi za ukutani mara moja, umeme ukirudi wasubiri dakika tano, kisha wawashe mmojammoja. Umeme unaporudi huja na msukosuko wa volti, na kompyuta saba zikivuta kwa mpigo breka huanguka.

Jenereta dogo la petroli la kVA 2.5 halibebi mzigo huo wote. Na likiwashwa likae uani, mbali na dirisha na mbali na hiyo baraza yenye watu. Moshi wake una gesi isiyoonekana wala kunusika, na inaua.

Seva_Mikindani

Naongezea upande wa programu, maana nyaya zikiwa safi na umeme ukiwa sawa, hapa ndipo saa mbili za kwanza za usiku hupotelea.

Ruta za 4G nyingi hutumia 192.168.8.1. Tuseme yako ni hiyo: ipangie igawe anwani kuanzia .100 hadi .199, na seva uipe ya kudumu 192.168.8.10 ili isigongane na mtu. Mgawaji wa anwani lazima awe mmoja. Mchezaji akisema haoni seva, mwambie afungue dirisha la amri aandike `ipconfig`. Akiona 169.254 mwanzoni, hajapata anwani, angalia waya wake. Akiona 192.168.137, kuna laptopu inagawa intaneti yake, pengine mwenyewe hajui. Tafuta mwenye hotspoti, aizime. Akiona 192.168.8 na bado hafiki, tatizo ni faiwoli (programu inayozuia miunganisho isiyoruhusiwa): kwenye Windows abadili netiweki kutoka Public kwenda Private. Kama ana antivairasi yenye faiwoli yake, nayo iruhusu gemu.

Milango ya kufungua kwenye faiwoli ya seva: Counter-Strike UDP 27015, Call of Duty 4 UDP 28960, Minecraft TCP 25565. Usitegemee orodha ya seva ndani ya gemu. Kila mtu aandike anwani mwenyewe, mfano `connect 192.168.8.10:27015`. Waliowahi kuweka programu za Hamachi au VirtualBox, zinazoongeza kadi za netiweki za bandia, wazime kadi zake za bandia kupitia `ncpa.cpl`. Gemu za zamani huchagua kadi isiyo sahihi na kutangaza mechi mahali pasipo na mtu. Wenye laptopu wazime waifai wakishachomeka waya.

Matoleo yafanane. Call of Duty 4 ya 1.6 na ya 1.7 haziingii seva moja, na Minecraft ni vilevile. Kwa gemu za Steam (duka la gemu la mtandaoni), kila mtu aingie akaunti yake akiwa na intaneti kwao, ndipo abadili kwenda hali ya nje ya mtandao. Tangu 2023 Steam inaweza kuvuta gemu kutoka kompyuta jirani kwenye netiweki hiyohiyo badala ya kula bando, mradi anayepokea analimiliki gemu hilo.

Minecraft ina kipengele kimoja: seva huulizia akaunti kwenye intaneti kila mtu anapoingia. Data ikizimwa kama alivyoshauri FundiKebo, mtu akitoka hatarudi. Ama acha data iwe hewani kwa ajili ya hilo tu, ama kwenye `server.properties` weka `online-mode=false`, kabla ya kuanza dunia mpya, si katikati, kwa sababu wachezaji hubadilishiwa utambulisho na vitu vyao kwenye begi hupotea.

Binti_Masasi

Na laptopu nyembamba zisizo na tundu la waya? Zinaweza kubaki kwenye waifai?

FundiKebo_Ligula

Dada, moja au mbili zitavumilika, kwenye masafa ya 5 GHz na ruta ikiwa juu ya meza, si nyuma ya televisheni. Tatu na kuendelea zitasumbuana, kwa sababu kwenye waifai anayetuma ni mmoja kwa wakati, wengine husubiri. Bora adapta ya USB ya kuchomekea waya. Ile ya USB 2.0 ya megabiti 100 inatosha kwa kucheza.

Na Mwana_Shangani, kwa kuwa uko karibu na bahari: nyaya ukishazijaribu zifunge kwenye mfuko wa plastiki mpaka Jumamosi. Chumvi ya hewani hukaa kwenye meno ya RJ45. Ukiona rangi ya kijani, kata kichwa hicho.

Mwana_Shangani

Nashukuruni sana wakuu. Swichi ya 16 naiagiza kesho. Seva ina RAM ya GB 8, je, Minecraft niipe ngapi?

Seva_Mikindani

GB 4: kwenye amri ya kuwasha seva weka `-Xmx4G`. Na usiendeshe Minecraft na Call of Duty kwa wakati mmoja kwenye mashine hiyo ya zamani. Funga moja ndipo ufungue nyingine. Alhamisi washa seva na kompyuta mbili tu, endesha `ping -n 100 192.168.8.10` kutoka barazani. Majibu yote yawe chini ya 1 ms (milisekunde moja) na yasipotee hata moja. Likipotea, anza na ule waya wa mita 15.