Mnafuatiliaje miongozo mipya ya matibabu?

nesi_wa_zahanati: Jamani, nyie mnajuaje mwongozo umebadilika? Kitabu chetu cha STG (mwongozo wa taifa wa matibabu) kurasa zishachomoka, na kwenye grupu la WhatsApp kila mtu anatupia PDF yake, hujui ipi ya kweli.

tabibu_mkuu: PDF isiyo na mwaka wala nembo ya wizara mi sifungui kabisa. Halafu usikimbizane na kila utafiti, subiri WHO au wizara waupokee. Mfano utafiti wa E-MOTIVE wa 2023, hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania: damu baada ya kujifungua inapimwa kwa plastiki yenye alama za vipimo inayotandikwa chini ya mama, ikizidi mama anapewa vyote kwa mkupuo, kukandwa mfuko wa uzazi, oksitosini (dawa ya kukaza mfuko wa uzazi), asidi ya traneksamiki (dawa ya kusaidia damu kuganda), dripu na kukaguliwa inatoka wapi, sio kusubiri kimoja kishindwe ndo uanze kingine. Matokeo mabaya, yaani kuvuja damu nyingi sana, kupasuliwa tumbo au kufa kwa kutokwa damu, yakashuka 60%, WHO wakaupitisha mwaka huohuo.

mamake_Junior: Kukadiria damu kwa macho tunajidanganya sana aisee, kanga ikinyonya utajuaje?

famasia_bara: Kituo kikijisajili HINARI, maktaba ya mtandaoni ya WHO, mnasoma majarida bure, muulizeni mganga mfawidhi.

nesi_wa_zahanati: Asanteni, kesho namfuata.