Nungwi, Fumba au Pemba: wapi nimpeleke mzee akavue mshipi asubuhi moja?

binti_makoongwe

Asalaam alaikum. Naomba mnisaidie kuchagua, maana nimeuliza watu watatu na kila mmoja kanipa jibu lake.

Mzee wangu ana miaka 71. Kazaliwa Makoongwe, kisiwa kile cha mbele ya Mkoani, na kavua mshipi tangu utoto mpaka tulipohamia Dar. Sasa ni zaidi ya miaka ishirini hajatia mguu chomboni. Goti la kulia linamsumbua: kupanda ngazi anaweza taratibu, kuruka majini hawezi, na kukaa amekunja miguu ndani ya ngalawa hawezi kabisa. Nataka kumkodia chombo na nahodha anayejua kazi, asubuhi moja tu, karibu na pwani. Habari za sulisuli na bahari kuu hazimo. Yeye anataka changu, na akipata chewa atashukuru.

Nilizopata mpaka sasa ni hizi. Nungwi kuna boti ya faiba, mashine mbili, fimbo na roli ya kukunjia mshipi, wanarambaza nguru na kolekole kwa nusu siku. Hii ndiyo ghali kuliko zote. Fumba kuna mashua ya mbao inayozunguka Ghuba ya Menai, mshipi wa mkono upo, na chakula cha mchana wanapika kisiwani Kwale. Pemba ni mwenye chombo pale Mkoani, makubaliano ya mdomo, anasema atatupeleka upande wa kisiwa cha Misali. Chombo chake ni rahisi, ila tukijumlisha nauli ya kwenda na kurudi tofauti inapungua sana.

Ni mwisho wa Novemba, na siku niliyopanga itaangukia mwezi 16 kwa hesabu ya mwezi mwandamo. Nani kawahi kufanya safari hizi na mtu mzima?

nahodha_kaskazini

Waalaikum salaam dada. Mimi napeleka wageni kuvua hapa Nungwi, na kazi yenyewe ndiyo hiyo ya boti ya faiba, kwa hiyo nakwambia kutoka ndani.

Boti hizi zina raha yake. Kuna kiti cha kuegemea, kuna kivuli, na ukipata hitilafu ya mashine moja unarudi na ya pili. Kwa goti la mzee, kukaa ni kuzuri kuliko chombo chochote ulichotaja. Lakini kurambaza si kazi ya mvuvi wa mshipi. Chombo kinakwenda, chambo kinaburutwa nyuma, chuchunge au samaki wa bandia, na fimbo zimechomekwa kwenye vishikio. Mtu anakaa anazitazama. Inaweza kupita saa nzima bila kitu, halafu roli inalia ghafla na baharia ndiye anayeikimbilia. Mgeni aliyelala hotelini anafurahi. Mzee aliyezoea kushika mshipi kwa kidole chake atajiona abiria.

Ukitaka Nungwi, mwambie nahodha mapema kwamba hutaki kurambaza, unataka kutia nanga kwenye miamba na kushusha mshipi. Wengine watakubali, na petroli itakayotumika ni ndogo, kwa hiyo dai bei ipungue. Petroli ndiyo inayokula pesa kwenye boti hizi.

Na kitu kimoja cha kweli: Nungwi ni ncha. Upepo wowote unatufikia. Mwisho wa Novemba kusi imekwisha na kaskazi haijakaza, siku nyingi bahari huwa shwari, lakini kaskazi ikiwahi utaiona Nungwi kabla ya pengine popote.

UmmuSalim

Fumba nilikwenda na wanangu wawili na mama mkwe, mwaka jana. Bahari ya kule ni ya kumpeleka mtu unayempenda. Ghuba ina visiwa vingi na maji si ya kina kirefu, mawimbi makubwa hayapati nafasi ya kujijenga. Hifadhi ya Menai ipo tangu 1997, na wavuvi wa vijiji vya pale wenyewe wamo kwenye kamati za ulinzi.

Ila soma vizuri ulichouziwa. Ile safari ya mashua na chakula cha Kwale ni ya kuogelea, kutazama matumbawe na kula. Kuvua wamekuwekea kama kiungo. Sisi tulipewa mishipi miwili kwa watu tisa, tena kwa dakika arobaini, jua likiwa limeshapanda na watu wengine wanaruka majini pembeni ya chombo. Tulipata chaa watatu na tasi mmoja, na tasi yule alimchoma mwanangu kwa miba yake, kilio mpaka tunafika nchi kavu. Baharia alimtia mkono kwenye maji ya moto ya chai, ndipo akatulia.

Kama ni Fumba, kodi chombo kizima, peke yenu, na mtoke alfajiri.

mla_mshipi

Chwaka je? Karibu na mjini kwa gari, mikoko ipo, samaki wapo.

kipwa_na_bamvua

Chwaka kwa mzee mwenye goti, hapana. Maji yakitoka pale yanatoka kweli, unaweza kutembea kwenye mchanga na majani ya baharini mpaka uchoke. Chombo kinakaa juu ya mchanga na nyinyi mnasubiri.

Na hapo ndipo ninapotaka kumshika binti_makoongwe mkono. Umeuliza mahali, lakini tatizo lako la kwanza ni tarehe. Mwezi 16 ni bamvua. Siku hizo kwetu maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hukauka kabisa karibu na saa nne asubuhi. Tofauti kati ya kujaa na kupwa inakaribia mita 4. Sasa fikiri: mnatoka alfajiri maji yanakimbia kwenda nje, mkitaka kurudi saa nne au saa tano chombo hakifiki ufukweni. Mzee atashuka kwenye maji ya magotini, juu ya mawe na majani yanayoteleza, atembee mwendo mrefu. Kwa kijana si kitu. Kwa goti lile ni hatari, na itakuwa hivyo Nungwi, Fumba na Pemba.

Tena mkondo wa bamvua ni mkali. Utie chubwi, ile risasi ya kuzamisha mshipi, zito kiasi gani, mshipi unalala, hausimami. Mtu anachoka mkono bila kujua kama chambo kimegusa chini.

Sogeza safari kwa wiki moja, mwezi 22 au 23. Maji mafu. Asubuhi ya saa tatu au nne maji yamejaa, hayapandi sana wala hayashuki sana, chombo kinakuja mpaka mahali pa kupandia saa ya kutoka na saa ya kurudi.

mla_mshipi

Lakini maji mafu samaki hali vizuri, kila mvuvi anajua hilo.

kipwa_na_bamvua

Anakula kidogo, kweli. Ila kusema hali kabisa si sawa. Changu anaamka pale maji yanapoanza kutembea, na hata maji mafu yana saa yake ya kuanza kutembea. Uwepo juu ya mwamba saa hiyo. Samaki sita na mzee kurudi mzima ni bora kuliko samaki ishirini na goti kuvimba mwezi.

Mpemba_wa_Kariakoo

Yakhe, mpeleke mzee kwao. Nasema hivyo na sababu ninazo.

Upepo wetu mkubwa wote miwili, kaskazi na kusi, unatoka upande wa mashariki. Pemba yenyewe inaukinga. Upande wa magharibi, kuanzia Mkoani mpaka juu Wete na kisiwa cha Fundo, ni vijiji, hori, mikoko na visiwa vidogo, na maji yaliyotulia siku ambazo mashariki pamechafuka. Halafu kina. Unguja imekaa juu ya maji haba, ukivuka kwenda bara kina ni cha makumi ya mita tu. Pemba imetengwa na bara kwa mkondo wenye kina cha mamia ya mita, na ukuta wa mwamba unaanza karibu na pwani. Kwa hiyo samaki mkubwa anakuja kwako. Nimemwona kolekole wa kubeba watu wawili akipandishwa mahali ambapo adhana ya Mkoani inasikika.

Misali sikushauri. Si kwa ubaya, ni pahali patukufu, wazee wanasema Nabii Khidhr aliswali pale na kisiwa kikawa msala wake. Mzee wako atakuwa anakijua kisa hicho kuliko mimi. Lakini ni hifadhi tangu 1998, kuna sehemu imefungwa kabisa kwa uvuvi, na nahodha wa makubaliano ya mdomo anaweza kukutia nanga pasipo halali kisha akakwambia hakujua. Na Chumbe ya Unguja ni hivyo hivyo, mwamba wake umefungwa tangu 1994, atakayekwambia utavua pale mkimbie. Mnemba nako ni hifadhi, usishushe mshipi bila kuuliza.

Kwani Misali ya nini? Mzee kazaliwa Makoongwe. Muulize alama zake. Wavuvi wa umri wake hawakuwa na mashine za kuonyesha mwamba, walipanga alama mbili za nchi kavu, mnazi huu uingie nyuma ya jabali lile, na alama mbili za upande mwengine, zikikutana hapo ndipo penye changu. Alama hizo hazisahauliki. Minazi mingine imekatwa, lakini vilima havijahama. Tafuta nahodha atakayekubali kumsikiliza mzee, amshikie usukani tu. Safari hiyo Nungwi hawana ya kukuuzia.

nahodha_kaskazini

Nakubali. Ningekuwa mimi ningeenda huko.

mkaa_gati

Niongeze la usalama, kwa sababu makubaliano ya mdomo yananitia hofu. Miaka mitatu iliyopita papasi mmoja, dalali wa wageni ufukweni, aliniuzia safari ya kuvua, sitaji pahali. Mashine moja, ya akiba hakuna, kasia moja, majaketi manne kwa watu saba. Mashine ikazima tukiwa nje ya mwamba na mkondo unatusukuma. Baharia alikuwa akitoa plagi na kuifuta kwa shati lake, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tano, na hakuna aliyesema neno. Ngalawa iliyokuwa ikirudi na vibua ndiyo iliyotuvuta.

Sisi watu wa visiwa hivi tulizika sana Septemba 2011, ilipozama MV Spice Islander. Hesabu majaketi kabla ya kulipa hata senti. Mvalishe mzee jaketi akiwa bado nchi kavu na umfunge mikanda mwenyewe. Uliza mashine ya pili iko wapi, uione kwa macho. Simu iwe ndani ya mfuko usiopitisha maji, na mtu wa nchi kavu ajue saa yenu ya kurudi.

UmmuSalim

Na kubalianeni mapema samaki ni wa nani. Sehemu nyingine mabaharia wanahesabu kuwa ni wao, mgeni anaondoka na picha.

mla_mshipi

Siku hizi wageni wanamwachia kolekole arudi majini. Ni jambo jema, mkubwa ndiye mzazi.

Mpemba_wa_Kariakoo

Jema, sikatai. Chewa mdogo mwachieni, nami naachia. Lakini mzee aliyelisha watoto kwa mshipi, usimwambie amrudishe changu wa kitoweo. Aende naye nyumbani akapikwe mchuzi wa nazi.

binti_makoongwe

Nimewasoma wote, Mungu awalipe. Ni Pemba, na nimesogeza mpaka mwezi 23. Nimempigia mwenye chombo wa Mkoani nikamwambia Misali hatuendi, tunabaki karibu na Makoongwe, na mzee ndiye atakayeelekeza. Kanyamaza kidogo, kisha kaniuliza jina la mzee. Nilipomtajia akasema baba yake alivua naye. Mashine ya pili anayo, na majaketi atanitumia picha leo jioni.

Nimebakiwa na maswali mawili. Akae juu ya nini? Na chambo ninunue wapi?

kipwa_na_bamvua

Kiti cha plastiki kisicho na mikono, kifungwe kwa kamba kwenye ubao wa kukalia, mguu wa kulia aunyooshe mbele. Kinyume cha mwanga, jua la asubuhi limpige mgongoni.

Mpemba_wa_Kariakoo

Chambo usibebe kutoka Dar. Mwambie nahodha akununulie ngisi wa usiku huo huo pale wanapoteremsha samaki, na vibua kidogo. Ngisi akatwe vipande virefu, vyembamba. Mshipi mchukulie mpya, wa zamani kama anao utakuwa umeoza kwa jua, na asiuzungushe mkononi hata akiwa na haraka. Kolekole akivuta, mshipi unakata kidole.