Mrejesho: kayaki ya kukunja iliyokuwa inaingiza maji

Wakuu narudi na mrejesho, mimi ndo yule niliyeuliza kwa nini kayaki yangu ya kukunja (mtumbwi mdogo wa fremu iliyovikwa turubai) ikikaa baharini nusu saa tu najikuta nimekalia maji. Mlioniambia nisikimbilie gundi kabla sijajua yanapoingilia mlikuwa sahihi. Nikaiinua juu ya stuli, nikamwaga maji kidogo ndani, nje nikafuta pakavu nikasubiri, kumbe tone linatoka chini kabisa pale bomba la fremu linaposugua ngozi (lile turubai la nje), mchanga umejibana hapo unakula taratibu kama msasa. Katundu kenyewe hata hukaoni! Nikasafisha na spiriti, nikakwaruza, nikabandika kiraka cha kona za mviringo (zenye pembe zinabanduka mapema), nikaiacha siku nzima.

Bado yaliingia ila machache, haya sasa ni ya mawimbi kutokea juu, sketi ya kiunoni (kitambaa kinachoziba tundu la kukalia) ilikuwa imelegea, nimekaza kamba basi. Saa hizi sponji inatosha, ila pampu ya mkono siiachi, na mifuko ya hewa ya kuifanya ielee nimejaza mbele na nyuma. Na nikitoka baharini nasuuza ule mchanga wote.